Tulivyoufuata uchafu wa mto wetu hadi unakotoka

Kikundi chetu kimezoea kukusanyika na kuokota chupa na mifuko ya plastiki kandokando ya mto. Kazi hiyo tunaiendeleza, ina faida yake. Lakini kilichokuwa kikiua samaki hakikuwa cha kuokotwa kwa mkono. Kilikuwa kimeyeyuka majini, na uchafu wa aina hiyo hauishi mpaka umjue anayeumwaga. Nikawaomba wenzangu tuupande mto, tutafute unakoingilia.

Tulianza kiangazi, maji yakiwa machache. Wakati huo kila kinachotiririkia mtoni kinaonekana. Tulitembea ukingoni kuelekea juu, tukiandika kila bomba na kila mtaro: uko wapi, unatoa nini, saa ngapi. Mtaro wa mvua unaotoa maji siku ambayo mvua haijanyesha ni wa kutiliwa shaka.

Maabara hatukuwa nayo, tukategemea wadudu wa majini. Unachagua mahali penye mawe na kina kifupi. Mwenzako anashika wavu upande wa chini, wewe unayavuruga mawe kwa miguu. Kilichonaswa unakimimina kwenye beseni jeupe lenye maji, kisha unangoja tope litulie. Juu kidogo ya mtaro mmoja mkubwa, beseni lilijaa wadudu bapa wenye mikia mitatu myembamba kama nywele, matamvua yao ya kupumulia yakipepea ubavuni. Hao hawastahimili maji yenye oksijeni haba. Hatua chache chini ya mtaro huo huo tulipata funza wekundu, na karibu hakuna kingine. Wekundu wao ni himoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo kwenye damu yetu, inayowawezesha kuishi mahali ambapo wengine wanakosa pumzi. Watoto tuliokuwa nao ndio waliokuwa wa kwanza kusema: ni hapa.

Mtaro ule ulikuwa wa maji ya mvua, lakini eneo la kuoshea magari lilikuwa limeelekeza maji yake humo, na jengo la jirani lilikuwa limeunganisha vyoo vyake. Wengi hudhani maji ya mtaro yanapita mahali yakasafishwa. Mara nyingi yanaingia mtoni moja kwa moja. Kinyesi kikifika majini, bakteria hukimeng'enya na kuitumia oksijeni. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi huanza kutaabika. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na usiku mimea ya majini nayo huitumia bila kuizalisha. Ndiyo maana samaki wetu walikuwa wakikutwa wanaelea alfajiri, majira ya joto.

Mwenye eneo la kuoshea magari tulimfuata kwanza yeye, kabla ya ofisi yoyote. Tulimpeleka mtoni, tukamwonyesha mabeseni mawili. Alijenga shimo la kunasa mchanga na mafuta, akayahamishia maji yake kwenye bomba la maji taka. Nampongeza kwa dhati. Mwenye jengo hakutaka kutusikiliza, ikabidi tuandikie mamlaka. Barua ya malalamiko matupu haikujibiwa. Iliyoambatana na picha, tarehe na saa ilileta mkaguzi.

Mzee mmoja alituambia, "Wanangu, mto huo umeshakufa, msijichoshe." Nilimweleza kwa heshima habari za mto Thames wa London: mwaka 1957 ulitangazwa kuwa hauna uhai, na leo una zaidi ya aina 100 za samaki. Uchafu ukikatwa, mto una nguvu ya kujisafisha. Hilo ninaliamini kabisa, maana chini ya mtaro wetu wale wadudu wa mikia mitatu wameanza kurudi, ingawa bado ni wachache.

Sasa tunazungumza na wakulima wa upande wa juu waache ukanda wa matete na miti ukingoni bila kuulima, kwa sababu fosforasi ya mbolea husafiri pamoja na udongo unaomomonyoka. Wapo waliokubali. Wengine wanahofia kupoteza ardhi, na hofu yao ninaielewa. Daftari la vipimo tumewakabidhi vijana. Wanapima sehemu zile zile, msimu ule ule, ili mwaka huu uweze kulinganishwa na ujao.