Gia ya Pili Ilipoanza Kukwaruza

Kwa miezi kadhaa gari langu lilikuwa likiikataa gia ya pili kila asubuhi. Nilipokuwa nikishusha kutoka gia ya tatu kabla oili haijapata moto, mkono wa gia ulisita, kisha ukatoa mkwaruzo mfupi ambao niliuhisi kiganjani kabla ya kuusikia. Tena gari lilipokuwa limesimama, likiwa frii, kulikuwa na mvumo wa chini chini. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliliendesha mara moja tu, akatamka kwamba giaboksi imekufa na inunuliwe nyingine. Sikukubaliana naye, kwa sababu giaboksi ya mkono hueleza ugonjwa wake waziwazi, ilimradi isikilizwe kwa utaratibu kabla ya boliti hata moja kufunguliwa.

Nilianza na klachi, kwani klachi isiyoachia kabisa huzikwaruzisha gia zote, na hasa rivasi, ambayo katika giaboksi nyingi haina sinkronaiza, yaani kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijashikana. Niliiacha injini iungurume taratibu, nikakanyaga pedali hadi chini, nikahesabu hadi tano, ndipo nikaingiza rivasi. Iliingia kimya, maana yake klachi ilikuwa imeachia na shafti inayopokea nguvu za injini ilikuwa imesimama. Kama ingekwaruza, ningeenda kuangalia mafuta ya klachi, hewa ndani ya bomba au marekebisho ya pedali, na giaboksi ningeiacha mahali pake. Nimewahi kushuhudia giaboksi ikishushwa na kufunguliwa yote kwa kosa la kebo ya klachi iliyolegea, na bado naona uchungu nikikumbuka kazi ile ilivyopotea bure.

Baada ya hapo nilijaribu njia ya madereva wa zamani, waliokuwa wakikanyaga klachi mara mbili kabla Cadillac haijaleta sinkronaiza mwaka 1928: unatoa gia, unaachia klachi ukiwa frii, unapandisha kidogo mwendo wa injini, unakanyaga tena na kuingiza gia ya chini. Nilipofanya hivyo, gia ya pili iliingia laini hata oili ikiwa baridi. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mzito, kwa kuwa kazi ya kusawazisha mwendo niliifanya mimi kwa miguu, na meno ya gia hayakuwa na shida yoyote ya kukutana. Kilichoshindwa kilikuwa ringi ya sinkronaiza ya gia ya pili.

Mvumo nao ulikuwa na maelezo yake. Nikikanyaga klachi ulitoweka, nikiachia ulirudi. Rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ikichakaa hufanya kinyume chake, yaani hulia pedali inapokanyagwa. Barabarani mvumo uliongezeka katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini katika gia ya nne ulikaribia kwisha. Katika giaboksi ya aina hii, ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, na kaunta shafti, ile ya pembeni inayopitisha nguvu katika gia nyingine, inabaki kuzunguka tu bila kubeba mzigo. Kwa hiyo nilizishuku beringi za kaunta shafti.

Nilimwaga oili ikiwa ya moto, ili uchafu utoke nayo. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kulikuwa na tope la kijivu, laini kama grisi, jambo ambalo ni la kawaida, lakini ndani ya tope hilo vidole vyangu viligusa magamba mawili ya chuma yenye kingo kali. Kisha nikainua chombo cha oili juani, nikaona chembe za dhahabu zikielea. Hiyo ni shaba ya ringi, ambayo sumaku haiivuti, ndiyo maana asiyeitazama oili yenyewe hawezi kuiona.

Tulipoifungua pamoja na fundi mwingine, mtu mwenye subira, niliibana ringi ya gia ya pili kwenye koni ya gia yake na kupima nafasi iliyobaki kati ya ringi na gia kwa fila geji, kipimo cha majani membamba ya chuma. Jani la milimita 0.2 halikupita, maana ringi ilikuwa imelika na kuzama, ilhali kwenye gia ya tatu jani la milimita 1 lilipita bila kusukumwa. Ndani ya ringi huwa na mistari myembamba inayokata utando wa oili ili shaba iishike koni; ya kwangu ilikuwa imelainika na kung'aa kama kioo. Meno madogo ya gia, kwa bahati njema, bado yalikuwa na ncha. Kama yangekuwa yamekuwa butu, gia ingekuwa ikichomoka yenyewe barabarani, na ringi peke yake isingetosha. Beringi ya nyuma ya kaunta shafti ilikuwa na vishimo kwenye njia ya goroli, na magamba yale yalitoka hapo.

Tulibadilisha ringi zote, beringi zote za kaunta shafti na oili sili. Kabla ya kuvua habu, kitovu kinachoibeba sinkronaiza kwenye shafti, tuliiwekea alama, kwa sababu ikigeuzwa upande, kazi yote hurudiwa. Beringi mpya tuliisukuma kwa presi kwa kubana ringi yake ya ndani tu. Kuigonga ya nje ni kuiua kabla haijazunguka. Nafasi ya shafti tuliipima na kuirekebisha kwa washa nyembamba, kwa vipimo vya kitabu cha mtengenezaji.

Nilishauriwa niweke oili ya GL-5, daraja mojawapo la oili za gia, kwa kuwa ni kali zaidi. Nilikataa. Kitabu kinataka GL-4, na viungo vya salfa vilivyo vingi katika GL-5 vinaweza kuila shaba ya ringi ambazo nilikuwa nimetoka kuzifunga.

Baada ya kilomita 500 niliimwaga oili ile mpya. Sumaku ilikuwa na vumbi jembamba la kijivu, na nilipoiinua oili juani, sikuona dhahabu.