Kidonge cha kukojoza

Mama ana presha, mwaka wa tisa huu. Asubuhi humeza vidonge viwili, kimoja anakiita "cha kunikojoza", maana akishakimeza haendi popote, hata sokoni Mgandini, mpaka saa tano ipite.

Mwezi wa tatu, Tanga ikiwa kwenye lile joto la kulala na kanga mbichi, akaharisha siku tatu mfululizo. Tukampa maji. Kila akitoka chooni, kikombe. Vidonge hakuacha hata siku moja, nasi tukamsifu kwa hilo.

Siku ya nne akashindwa kuinua birika la chai. Vidole vya miguu vikajikunja vyenyewe. "Mwanangu, moyo unaruka, halafu unatulia kama umesahau kazi yake." Shangazi akasema ni baridi yabisi, akaanza kumkanda kwa mafuta ya karafuu.

Hospitali wakapima madini kwenye damu: potasiamu 2.6, wakati ya kawaida huanzia 3.5. Sodiamu, ile ya kwenye chumvi, 131, nayo inatakiwa iwe 135 hadi 145. Daktari akauliza, anatumia dawa gani? Nikamwonyesha. Kumbe kidonge kile hakitoi maji matupu. Mkojo unaondoka na potasiamu na chumvi. Kuharisha nako kulikuwa kunachota humohumo. Sisi na vikombe vyetu tukawa tunazidi kuzimua kilichobaki. Misuli haikazi wala kulegea sawasawa bila madini hayo, na moyo nao ni msuli.

Kinachoniuma ni kwamba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, zilikuwa kabatini. Tuliziona za watoto.

Akawekewa dripu yenye potasiamu. Tone. Kimya. Tone. Nikaona wanamchelewesha, nikapeleka mkono kwenye kile kigurudumu cha kuongezea kasi.

"Dada, usiguse hapo!" Nesi alitoka mbio upande wa pili wa wodi. "Hii ikiingia haraka inasimamisha moyo."

Mikono nikaifunga kwenye mtandio mpaka chupa ikaisha.

Sasa amebadilishiwa dawa, na ndizi na madafu, vyenye potasiamu nyingi, karuhusiwa. Bibi wa jirani, mwenye figo mbovu, amekatazwa hayohayo, kwa sababu yake potasiamu haitoki, inajazana. Basi muuza madafu akisimamisha baiskeli mlangoni, mama hununua mawili, na bibi humnunia mpaka la pili liishe.