Namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) kuishia sifuri: jinsi nilivyotatua

Makatibu wenzangu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za tumbaku hapa Tabora, hili lilinitoa jasho. Orodha ya wakulima inatoka kwetu safi, benki inajibu: hawatambuliki. Nikatuma upya, nikabadilisha flashi, majina nikayaweka herufi kubwa. Wapi!

Kumbe Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. NIDA ina 20, hivyo tano za mwisho zinageuka 00000 kimyakimya. Kupanua safu hakuzirudishi. Chukua upya kwenye fomu.

Kwanza fanya safu iwe ya maandishi, ndipo ujaze. Na vile vistari vya ndani ya namba, kuanzia baada ya tarehe ya kuzaliwa iliyo mwanzoni, usivifute (wengi huona vinachafua tu): vikiwepo, Excel haiihesabu kama namba. Jana benki imepokea orodha yote.