Kashinda mechi 10 tu, wakampa Cy Young

Mimi besiboli nilianza kuiangalia kichwa chini miguu juu. Kitu cha kwanza natafuta ni huyu mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) kashinda ngapi kapoteza ngapi, si ndo tulivyozoea kwenye mpira, kipa akila nne ni mbovu basi, hata kama mabeki walikuwa wanapiga stori (na kipa nae tunamwonea sana).

Sasa cheki Jacob deGrom wa New York Mets, msimu wa 2018. Kashinda 10, kapoteza 9. Wa kawaida kabisa ukiangalia hivyo. Halafu wanampa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi ya National (moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani), tena kura 29 kati ya 30 zimemweka namba moja. Nikajiuliza hawa wamelewa au mi ndo sijui?

Mi ndo nilikuwa sijui bana. Ushindi anaandikiwa mrushaji lakini mikimbio (ndo pointi za besiboli) wanaitafuta wapigaji wa timu yake, wakilala hao hata urushe vipi unarudi nyumbani mikono mitupu. Ndo maana watu wanaangalia ERA, unachukua mikimbio iliyoingia kwa mkono wake mwenyewe, ile ya wenzake kudondosha mpira haihesabiwi, unazidisha mara 9 maana mechi ina iningi 9 (iningi ni kipindi, kila timu inapata zamu ya kupiga), unagawa kwa iningi alizorusha. deGrom aliruhusu 41 kwenye iningi 217. Piga hesabu hapo, inakuja 1.70, yaani kwa mechi nzima hata mikimbio miwili haifiki!!

Ila ERA nayo ina kasoro, mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, kuudaka au kuukosa ni kazi ya wengine, jambo ambalo Voros McCracken, mchambuzi wa takwimu za besiboli, alilipigia kelele 2001 na wengi wakambeza kwanza. Hapo ndo inaingia FIP, kipimo kingine cha mrushaji, yenyewe inahesabu homrani (mpira uliopigwa ukapita juu ya ukuta wa uwanja), waliopewa besi ya bure (mrushaji kakosea mara nne), waliogongwa na mpira na waliotolewa kwa straiki (straiki tatu, mpigaji anatoka), basi, mengine haitaki kujua. deGrom mwaka ule aliwatoa kwa straiki watu 269 na homrani karuhusu 10 tu.

Kuna jamaa kazini bado ananibishia, eti ushindi ni ushindi. Juzi nikamtumia rekodi ya Félix Hernández, mrushaji wa Seattle, 2010, kashinda 13 kapoteza 12, Cy Young kabeba. Tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.