Saa Kumi na Mbili za Giza

Jambo linalonivuta kwenda kupiga kambi na jambo linalonifanya nijute ifikapo saa nane za usiku ni jambo lilelile: urefu wa usiku wenyewe. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna zile jioni ndefu ambazo wauzaji wa mahema huzionyesha katika picha zao, watu wakiwa wameketi nje baada ya chakula huku mbingu bado ina mwanga. Hapa Nakuru jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima, mwanga hufifia upesi, kisha giza hukaa hadi saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Mjini hatuuoni usiku huo kwa sababu tumeukatakata vipande kwa taa, televisheni, simu na kelele za matatu. Kambini hakuna pa kuukwepa. Mmekula, mmeosha sufuria kwa mwanga wa tochi, mmezungumza mkadhani mmezungumza sana, mtu akitazama saa anakuta ni saa mbili na robo.

Ni katika muda huo, kati ya chakula na usingizi, ndipo ninapoona faida ya kwanza ya safari hizi. Shemeji yangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani hajulikani kwa maneno mengi. Akija kututembelea hula, hutazama taarifa ya habari, huaga. Tulipolala Makalia, upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, alitusimulia kwa kirefu jinsi madereva wanavyolala Malaba foleni ya malori inapokwama mpakani: mmoja ndani, nyuma ya usukani, mwingine chini ya trela juu ya kipande cha katoni, na birika moja la chai likipitishwa kutoka gari hadi gari. Alicheka akasema kwamba hajawahi kuona watu wenye vitanda wakilipia taabu ambayo yeye hulipwa posho kuivumilia. Sidhani kama angeyasema hayo sebuleni kwetu, kwa kuwa sebuleni kuna televisheni na, zaidi ya hayo, kuna mlango wa kutokea.

Mbingu nazo huchangia mazungumzo. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, nyota za kaskazini na za kusini huonekana kutoka kiti kimoja, na mwezi wa Mei, mawingu yakiruhusu, mtu anaweza kugeuza shingo kutoka Msalaba wa Kusini hadi Dubu Mkubwa bila kuinuka. Kilimia, kile kishada cha nyota zilizosongamana, tunakitafuta Desemba na Januari. Waswahili wa pwani walikitumia kupimia majira, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ingawa majira ya huku Bonde la Ufa hayafuati ya pwani hatua kwa hatua, napenda kuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto anayeuliza kama nyota zote hazina kazi. Upande wa kaskazini, hata hivyo, kuna wekundu wa taa za Nakuru juu ya upeo wa macho, na tangu mji upewe hadhi ya jiji mwaka 2021 naona wekundu huo unazidi kupanda.

Kufikia saa sita mambo hugeuka. Ziwa Nakuru liko zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Julai hewa hushuka hadi karibu nyuzijoto 10. Wageni wa kambi huleta mablanketi mengi ya kujifunika na kusahau kwamba baridi inayomwamsha mtu hemani hutoka ardhini. Blanketi unalolilalia hubanwa na uzito wa mwili, hewa iliyokuwa ndani ya nyuzi zake hutoka, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia joto lisinyonywe na udongo. Kwa hiyo mablanketi matatu juu na shuka moja chini humwacha mtu akitetemeka, ilhali blanketi moja juu na kipande cha sponji chini humtosha. Halafu kuna maji. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya hema lililofungwa, mvuke wa pumzi zao hugonga kitambaa baridi na kuwa matone, na alfajiri ukigusa ukuta unalowa mkono mzima ijapokuwa mvua haikunyesha. Dawa yake ni kuacha madirisha wazi kidogo, maana yake ni kuikaribisha baridi ndani ili ubaki mkavu. Sijawahi kuipenda dawa hiyo, na bado sijapata nyingine.

Lakini baridi ni adui mwenye adabu ukiilinganisha na suala la choo. Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme, na wengi husikia hivyo wakadhani wamo salama kama walio ndani ya boma. Ua huo unawazuia wanyama wasiende mashambani kwa watu. Kambi yenyewe haina ua wowote, na nyati akitaka kupita kati ya mahema mawili hakuna anayemwomba tiketi. Simba nao wamo, na ngurumo ya simba husafiri hata kilomita 8, kwa hiyo ukiisikia huwezi kujua kama yuko ng'ambo ya mto au ng'ambo ya ziwa. Basi mtu anaamka saa tisa, tumbo limejaa chai aliyokunywa ili apate joto, na analala pale akipiga hesabu ambayo hakuna shule inayoifundisha: choo kiko hatua kadhaa, tochi ina betri nusu, mwenzangu anakoroma, na mapambazuko yako saa tatu mbele. Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayetoka peke yake, na kwamba kabla ya kufungua zipu yote tunamulika pande zote tukitafuta macho yanayong'aa. Mara nyingi huwa ni ya swala. Macho ya swala na ya mnyama mwingine yeyote yanafanana sana mtu akiwa amevaa ndala.

Mchana wasumbufu ni nyani na tumbili, ambao wanajua mfuko wa mkate ukoje na hawaoni haya kupasua hema kuufuata, kwa hiyo chakula chote hukaa ndani ya gari. Mengine niyapitie haraka. Langoni hawapokei pesa taslimu, ni lazima ulipe kwa njia ya kielektroniki na uwe umeingia kabla ya jioni. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, kwa hiyo maji tunabeba kwa mitungi. Na anayedhani kwamba kambi ni njia ya kuokoa pesa na ajumlishe kiingilio, ada ya kambi, mafuta ya gari, kuni na hema, kisha aulize bei ya chumba cha kawaida mjini.

Msitu wa Kakamega una usiku wa namna nyingine. Huo ni mabaki ya msitu wa mvua uliokuwa ukiungana na ile misitu mikubwa ya Kongo, na ukilala Buyangu, upande wa kaskazini, hulali chini ya nyota, kwa sababu matawi yamefunika anga. Giza lake lina uzito. Unachokipata badala ya nyota ni sauti, na ya kwanza kuijua ni ya perere, mnyama mdogo kama sungura ambaye hukaa mitini na ambaye huanza kwa kukwaruza koo, kisha hupandisha sauti hatua kwa hatua hadi anapiga mayowe ambayo mgeni huapa kwamba ni mtu anayeuawa. Nimewaona watu wazima wakikaa kitako ndani ya mfuko wa kulalia, macho yamewatoka, na wakitajiwa ukubwa wa mnyama mwenyewe wakakasirika kana kwamba wametapeliwa.

Mvua ya huko nayo ina saa zake. Ardhi ikishapata joto mchana, upepo kutoka Ziwa Viktoria huingia nchi kavu, hukutana na upepo wa mashariki kwenye nyanda za juu, mawingu hupanda, na ifikapo saa tisa au saa kumi radi zinaanza. Msitu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa yake humwagika alasiri. Asiyepiga hema kabla ya saa nane atalipiga ndani ya matope, na usiku wake wa saa kumi na mbili utaanza saa kumi jioni. Hapo ndipo karata zinapochakaa. Mvua ikikatika hutoka siafu, ambao hawana habari na zipu. Wakipata tundu moja kwenye kona wanaingia wote, na hakuna la kufanya ila kutoka, kukung'uta nguo na kuhamisha hema. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka hema husaidia kidogo, mpaka mvua inaporudi.

Kwa Mama Mkubwa wangu, ambaye nyumba yake iko Shinyalu, si mbali na ukingo wa kusini wa msitu huohuo, haya yote ni dalili ya mtoto aliyeharibiwa na mji. "Mwanangu," aliniambia, "hapa kuna kitanda, kuna neti, kuna chai ya maziwa. Huko msituni unafuata nini usiku?" Neti aliitaja kwa makusudi, kwa sababu maeneo haya yanayolizunguka Ziwa Viktoria ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na hema lenye wavu uliochanika ni karamu ya mbu. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko mbu. Yeye ameujua msitu tangu akiwa msichana, akiingia kwa kibali cha watu wa misitu kuokota kuni zilizokauka na kutoka na mzigo kichwani, na katika maisha yake mtu kuwa msituni baada ya magharibi kulimaanisha kwamba jambo limeharibika: ng'ombe amepotea, au mtu mwenyewe amepotea. Hajawahi kuwa na sababu ya kukaa humo bila kazi.

Sikuwa na jibu zuri wakati ule, na ninaloweza kuandika sasa ni kwamba yeye na shemeji wanasema kitu kimoja. Raha ya kambi ni ya mtu mwenye kitanda mahali pengine. Anayelala nje kwa sababu foleni haisogei, au kwa sababu mafuriko ya Budalang'i yamemtoa nyumbani, halali kambini ijapokuwa juu yake kuna turubai lilelile, na ningeona aibu kumweleza habari za uzuri wa usiku. Hata hivyo sikubali kwamba raha yangu ni ya uongo. Saa kumi na moja alfajiri, mbega wa kwanza anapoanza kunguruma juu ya miti na mwingine kumjibu kutoka bonde la pili, hadi msitu mzima unavuma kabla hata ya mwanga kuonekana, nakuwa nimechoka, mgongo unaniuma, soksi zimelowa, na sitaki kuwa mahali pengine popote. Ningelala Shinyalu ningekuwa usingizini. Mama Mkubwa nilimwambia hivyo hasa, akaniuliza kama mbega hao hawalii pia saa nne asubuhi, baada ya chai.

Safari inayofuata ni ya Mlima Elgon, kupitia Kitale na Endebess. Huko kuna pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku wakipapasa njia gizani na kuchimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi, na mgeni wa mchana huona alama za pembe tu. Nimewaambia wenzangu mapema kwamba pangoni tutachungulia mlangoni na kurudi, kwa sababu wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo kabla ya kuugua, na popo, wanaodhaniwa kuvibeba, wamo hadi leo. Kuhusu tarehe bado tunavutana. Wenye watoto wanataka tuende Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mimi nataka katikati ya Januari, mvua ikiwa imepungua, na uwe usiku usio na mbalamwezi, hata kama itabidi tununue betri za akiba na kila mmoja wetu aongeze kipande cha pili cha sponji.