Siku moja kwenye labo ya Katuba: kazi ya kusema "hakuna malaria"

Saa 11 alfajiri. Maji ya Regideso, shirika la maji, kwetu Kenya (Kenya komini ya Lubumbashi, Kongo, si ile ya Nairobi) yakija yanakuja saa hizi, la sivyo hayaji kabisa. Najaza mabidoni, nawasha mbabula (jiko la makaa), nabandika chai. Bluzi yangu nyeupe ya kazi niliipiga pasi jana, na nilifanya vema kwa sababu leo umeme umelala. Mvua imenyesha usiku kucha. Ni Januari, na mtu wa labo (maabara) akiisikia mvua ya Januari anajua wiki zijazo zina nini: mbu, homa, foleni.

Nilisoma biolojia ya tiba ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, hapa hapa Lubumbashi, sasa niko kwenye kituo kimoja cha afya huko Katuba. Muulize mtu yeyote mtaani nani wanafanya kazi hospitali, atakutajia daktari, muuguzi, mkunga, hata mlinzi wa geti. Sisi wa labo tunakumbukwa majibu yakichelewa.

Saa 12 na nusu. Naenda kwa miguu. Siku ya matope watu wa moto (teksi za pikipiki) wanadai bei ya sikukuu, na bado utafika na madoa mgongoni. Viatu vya kazi vimo kwenye mfuko, nitavivalia kule.

Saa 1 asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi rejista na funguo, macho mekundu. Huniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, umeme ulikatika saa tisa. Frigo sijaifungua tangu hapo." Kijana mzuri huyu, watu wengine wangeifungua kila dakika kuangalia kama bado ina baridi. Humo ndani tunaweka seramu za kupimia makundi ya damu, nazo zinataka kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimajoto kinasoma 7. Naandika 7, naifunga.

Halafu Giemsa, ile rangi ya zambarau inayofanya malaria ionekane. Sehemu moja ya rangi, tisa za maji yenye pH ya 7,2. Mwanafunzi wa staji (mafunzo ya kazini), kijana wa mwaka wa tatu, ananiuliza kwa nini tusichanganye ya wiki nzima tukapumzika. Namtolea slaidi ya zamani niliyoitunza kwa ajili ya maswali kama hayo. "Tazama. Unaona nini?" Anainama kwenye hadubini. "Malaria, mama. Nyingi." Ni vumbi. Rangi iliyolala huacha vichembe vyeusi, na jicho lenye haraka huvibatiza vimelea. Hajaniuliza tena.

Saa 2. Foleni imejaa benchi na kuzunguka ukuta. Leo pia ni siku ya wajawazito, kwa hiyo kuna VVU, kaswende, wingi wa damu, mkojo wa kutafuta albumini (protini). Kazi hii ya asubuhi haina mengi ya kusimulia: jina, namba, kidole cha nne, pamba, sindano ndogo, tone, anayefuata. Watoto wanalia kabla hawajaguswa. Bibi mmoja ananiletea kidole gumba. "Chukua hiki, mwanangu, kimezoea kazi." Namwomba anipe kingine, ngozi ya hicho imekuwa ngumu kwa mchi na jembe.

Boksi la glavu limebaki robo. Glavu zikipungua nawasimulia wanafunzi habari ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 kule Yambuku alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, ugonjwa wenyewe ukiwa haujapewa jina. Ulikuwa Ebola. Alinawa kwa sabuni na hakuambukizwa. Vijana wanaipenda sana hadithi hii. Nawaambia waipende wakiwa wamevaa glavu.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Slaidi zimekauka, zimekaa kwenye rangi, zimeoshwa taratibu, zimesimamishwa zichuruzike. Umeme bado. Siku za jua nageuza kioo kilicho chini ya hadubini kuelekea dirishani na mambo yanaendelea. Leo mbingu imefunga, mwanga unaoingia hautoshi hata kusomea gazeti. Tunachomeka taa ya hadubini kwenye betri ya sola, tukijua kwamba haifiki jioni.

Tone nene la damu likipakwa Giemsa halionyeshi chembe nyekundu. Maji yamezipasua zote, zimeondoka. Kinachobaki ni chembe nyeupe, zimetawanyika kama mawe ya zambarau, na katikati yake, kama vipo, vimelea: pete nyembamba ya bluu yenye nukta nyekundu. Ni vidogo kiasi kwamba ukikohoa umevipoteza. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyeviona kwanza, mwaka 1880, kule Algeria, kwenye damu ambayo haikupakwa rangi yoyote. Kila nikikumbuka hilo naona aibu kulalamikia taa.

Slaidi yenye malaria nyingi ni kazi rahisi. Unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi, unaviona papo hapo. Unahesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, unazidisha, unaandika. Slaidi isiyo na kitu ndiyo inayokula muda. Huruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka umepita sehemu 100, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Shingo inakaza, jicho la kulia linaanza kutoa machozi, mlangoni mtu anagonga: "Docta, bado?" Na ukimaliza, huna cha kuonyesha. Mtu ameona umekaa nusu saa na kioo halafu unampa karatasi inayosema hakuna.

Saa 6 mchana. Hapo ndipo ugomvi wa kila siku unapofika, na leo umekuja na dereva wa moto, kijana wa makamo hivi, kofia ya chuma mkononi.

"Mama, mi najua mwili yangu. Iko malaria."

"Baba, nimetazama vizuri. Malaria hakuna."

"Minalipa franka yangu, na hamkuone kitu?"

Hasira yake naielewa. Pesa ya kipimo ni pesa ya mafuta ya pikipiki. Lakini hatukumtafutia malaria ili lazima tuipate. Nampa kiti, namwambia homa ipo kweli, kipimajoto kimeisema, ila chanzo chake si malaria, na kumeza dawa ya malaria isiyohitajika ni kuacha kinachomwumiza kikiendelea. Hapo anatoa karatasi nyingine mfukoni, imekunjwa mara nne. Ameshapima mahali kwingine wiki iliyopita. Imeandikwa kipimo cha haraka cha malaria kimeshika, yaani ugonjwa upo, na chini yake Widal, kipimo cha tifoide (homa ya matumbo), nayo imeshika.

Kipimo cha haraka kile hukamata protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa mtu akiwa amekwisha kupona. Alimeza dawa zote? Alimeza. Basi mstari ule wa pili kwenye kaseti, kile kibao cha kipimo cha haraka, si lazima uwe ugonjwa wa leo.

Widal ndiyo inayonikera. Imekuwepo tangu 1896, ni nafuu, ni tone la damu na tone la dawa kwenye kibao cheupe, ukitikisa inafanya vijichembe na unatangaza tifoide. Mjini hapa kila mtu ana tifoide. Mtu akiumwa tumbo, kichwa, mgongo, akikosa usingizi kwa madeni, Widal itamkubalia. Inachopima ni kinga ya mwili, na kinga inabaki miaka baada ya ugonjwa, inakuja na chanjo, inaweza hata kuchochewa na malaria yenyewe. Widal moja tu, bila ya pili ya kulinganisha siku kadhaa baadaye, haithibitishi kitu. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu uone kama kijidudu kinakua, na hicho kinataka siku, chupa maalumu na labo kubwa kuliko hii yetu. Ndiyo maana Widal haifi. Inauzika, inatoa jibu leo, na jibu lenyewe linampendeza kila mtu: mgonjwa ana jina la ugonjwa, mwenye dispansari ana antibiotiki za kuuza.

Sikumwambia dereva yote hayo. Nilimrudisha kwa muuguzi mkuu, akamsikiliza kifua vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa. Nimonia.

Saa 7. Bukari (ugali) na kalembula (matembele) kwa mama aliye nyuma ya ukuta. Dakika kumi na tano, nimenawa mikono mara mbili.

Saa 8. Mama mmoja anaingia mbio, mtoto begani, kichwa kinalegea. Muuguzi mkuu haandiki hata fomu. "Mama labo, hemoglobini na grupu, sasa hivi." Viganja vya mtoto ni vyeupe. Damu yake ni nyepesi, imekaribia maji. Hemoglobini 4,1, chini mno. Kundi O. Slaidi, hata kabla sijaizungusha vizuri, imejaa pete.

Kituo chetu hakiongezi damu. Muuguzi anampiga sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali, anaandika barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Jason Sendwe. Baba amefika na moto, anavuta mkono wa shati. "Chukua yangu. Mi njo baba yake." Nampima upesi: kundi A. "Baba, ya kwako mwili wa mtoto utaikataa. Lakini nenda nao hospitali, wanahitaji watu wa kutoa, na ita na ndugu zako." Hata angekuwa O, damu haitoki mkono mmoja ikaingia mwingine, lazima ipimwe VVU, hepatiti B, hepatiti C na kaswende, halafu ilinganishwe na ya mtoto.

Wakati wanamfunga mtoto kwenye kitenge namwuliza mama kama aliwahi kuvimba mikono na miguu. "Alikuwa na miezi nane. Walisema ni baridi." Uvimbe huo kwa mtoto mchanga unaweza kuwa dalili ya SS, ugonjwa wa seli mundu. Sikutaka kumwongezea mama mzigo pale mlangoni, ila nilibaki na tyubu ya damu ya mtoto. Mtoto akishaongezewa damu, ukimpima SS unapima na damu ya mtu mwingine iliyomo ndani yake, majibu yanachanganyika. Kwa hiyo tone la kabla ya kuongezewa ni mali.

Saa 9. Kipimo cha Emmel: tone la damu, tone la dawa inayonyonya oksijeni, kioo juu, unaziba pembe zote hewa isiingie, unasubiri. Mwanafunzi nimemkalisha kwenye hadubini, anatazama kila baada ya muda. Mwanzoni chembe ni duara. Baadaye anaita, "Mama, zinajikunja." Zimekuwa mundu, ncha mbili. Nimemwuliza aandike nini, akasema SS. Nimemkatalia. Emmel inasema chembe zinajikunja, haisemi kama ni mtoto mwenye ugonjwa au ni mbebaji tu. Hilo linataka elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Ameandika "Emmel imeshika, elektroforesi inahitajika", na muuguzi mkuu amempigia simu mwenzake wa Sendwe ili waiongeze kwenye faili.

Saa 10. Kaunta inafungwa, tunasafisha. Meza kwa klorini ya asilimia 0,5, sindano kwenye sanduku lake la kuchomwa, rejista inajumlishwa kwa ripoti ya mwezi. Tukiwa tunafuta, mazungumzo yanarudi kulekule: prime, posho ya Serikali. Wengine wetu majina hayajaingia kwenye listi ya malipo ya Serikali, tunagawana kilichobaki kwenye mapato ya kituo mwisho wa mwezi, na mgonjwa akishindwa kulipa, pengo linafika mpaka kwenye sahani yangu. Sasa fikiria ushawishi uliomo humo. Widal ingeingiza pesa. Jibu la "malaria plasi mbili" (alama ++ za wingi wa vimelea) lingemfurahisha dereva na angerudi kesho na jirani yake. Mwanafunzi ameniuliza moja kwa moja kama kuna wanaoandika plasi ambazo hawajaziona. Wapo, na yeye atakutana nao. Ameniuliza pia kama akimaliza atapata kazi. Nimemwambia labo za makampuni ya migodi zinalipa vizuri lakini nafasi ni za kugombania. Vituo vya mitaa vinampokea leo hii, mshahara utakuja ukijisikia.

Saa 11 na nusu jioni. Njiani jirani ananisimamisha. Amesikia binti wa fulani alionekana kituoni asubuhi, alikuja kupima nini? "Mama, mimi naona damu tu, sura sizikumbuki." Hajaniamini, na kesho ataniuliza tena.

Saa 2 usiku. Watoto wamekula, umeme umerudi, kila simu ya nyumba imechomekwa. Yangu inalia, ni zamu ya usiku: mafuta ya lenzi yamekwisha kwenye chupa ndogo, na ana slaidi tatu zinasubiri. Iko nyingine kwenye rafu ya chini, nyuma ya masanduku ya slaidi. Aifungue, aandike tarehe, na afute lenzi ya arubaini, ile isiyotakiwa mafuta, mwanafunzi ameishusha kwenye mafuta leo mchana.