Kumbe sukari ilikuwa inabaki kwenye machicha

Jamani miezi yote hii napika bia nyumbani kumbe karibu nusu ya sukari naimwaga na machicha 😂 Wiki iliyopita kilo 5 za kimea cha shayiri, lita 20, nikadumbukiza haidromita (kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea) ikasoma 1.045, yaani nimetoa kama asilimia 60 tu ya sukari ya kimea. (Usipime maji yakiwa ya moto, yanakudanganya, yasubiri yapoe mpaka nyuzi 20.) Leo nimesaga mwenyewe, punje zimepasuka ila maganda yako mazima, nikaloweka lisaa lizima kwenye nyuzi 66 halafu nikasuuza machicha polepole na maji ya moto kikombe kwa kikombe mpaka mkono ukauma, ikapanda 1.055! Kimea kilekile. Dukani walikuwa wananisagia nusunusu kama chakula cha kuku